Gari likigonga mbele, usikimbilie shokapu

Wengi mnatuuliza maisha ya Mpanda, mbali na bahari. Sisi ni wifi na wifi kutoka Unguja, tunashona na kuuza madira na nguo za watoto. Katavi ni mkoa mpana, na wateja wetu wametawanyika: Katumba, Mishamo, hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Tegemeo letu ni Toyota Ipsum ya mwaka 1998, na leo tunazungumzia miguu yake ya mbele, maana somo hili linamfaa kila mwenye gari kuukuu.

Wiki mbili kabla ya Idi lilianza kugonga, ko ko ko, kwenye vishimo vidogo. Fundi wa kwanza alilisikiliza dakika moja tu: "Shokapu zote mbili, leteni hela." Hela yenyewe ilikuwa mtaji wa madira 30 ya sikukuu. Tulimshukuru tukaondoka. Mteja akisema gauni linabana, hatukati kitambaa kipya kabla ya kujua ni bega au ni kwapa.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alipima kwanza, na kila hatua alituita tuangalie.

Alibonyeza boneti kwa nguvu akaachia. Gari likapanda, likatulia. Shokapu iliyochoka huliacha likinesanesa, na mara nyingi huvuja mafuta. Zetu zilikuwa kavu.

Kisha akanyanyua gurudumu kwa jeki na kuweka stendi, kwa sababu haingii mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Akashika tairi kushoto na kulia, akatikisa. Likicheza hapo, mtuhumiwa ni tairodi. Halikucheza. Akashika juu na chini: likacheza. Hapo watuhumiwa ni wawili, beringi ya gurudumu au boljointi. Akamwomba mmoja wetu akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi. Ulibaki. Mwisho akasukuma mkono wa chini kwa mtaimbo, tukaona bushi zake zimepasuka.

Boljointi ni kama kifundo cha nyonga: kitufe cha chuma ndani ya kikombe, kimefunikwa kwa raba inayotunza grisi. Raba ikichanika, vumbi jekundu la huku linaingia, grisi inakauka, chuma kinasaga chuma. Kwenu pwani na chumvi nayo inakula vyuma. Kifundo kikichomoka mwendoni, gurudumu hulala, gari hukaa chini, na usukani hauna kazi tena. Tulitazamana bila kusema kitu. Njia ya Mishamo huwa tunaipita na watoto kiti cha nyuma.

Tulinunua boljointi mbili na bushi, kwa chini ya nusu ya hela ya shokapu. Madira yakashonwa, na kugonga kukaisha.

Yako mambo matatu ambayo mzee aliyasimamia, nawe uyadai kwa fundi wako. Nati ya boljointi iwekwe pini mpya. Boliti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye matairi. Zikikazwa gari likining'inia, raba hukaa imejipinda na huchanika mapema. Kisha lipelekwe alaimenti, la sivyo tairi litaliwa upande mmoja.

Shoga yetu mmoja alituambia, "Mwachieni Mungu, mtafika." Tunamwachia, na kila safari tunasoma dua. Lakini sote tulifundishwa tangu chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Roho za watoto ni amana, na hata mtaji wa halali ni amana. Kukagua gari ni kuzitunza zote mbili.

Basi, dada, usione haya kuingia gereji na baibui lako. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie fundi kwa upole: "Kaka, nionyeshe kinachocheza." Fundi mwema atafurahi kukuonyesha. Asiyetaka, muage kwa salama utafute mwingine.

Allah atulindie wasafiri wetu wote. Amin.