Biskuti za Alizeti, Singida

Ukitaka kuifaidi Singida, nenda Machi, alizeti zikiwa zimechanua na mashamba ni njano tupu. Mimi nilikwenda na wanangu. Dar huwa natoka kazini nakuta wameshalala. Kwa wifi yangu Singida tulishinda wote jikoni. Tulikanda unga, sukari, mayai ya kienyeji na mafuta ya alizeti. Wakakata maua kwa kisu, katikati wakapachika mbegu zilizomenywa. Tukaoka kwa sufuria, mkaa chini na juu.

“Mama, mbona maua ya shambani yanaangalia upande mmoja?” mdogo akauliza. Tukatoka kutazama: alizeti ikikomaa huelekea mashariki.

Biskuti nyingine zilitoka kama jua, nyingine kama gurudumu. Zote ziliisha na chai. Shoga, wikiendi hii mpe mwanao unga, sio rimoti.