Ndoa ya Bibi Haikuwa na Karatasi



Leo hatuna hina wala mapishi ya harusi. Tuna kisa cha nyumbani kwetu, na tumekiandika sote watatu baada ya Bibi na Mama kuturidhia. Sisi ni ndugu wa tumbo moja, tumezaliwa Dodoma. Wawili tumeolewa hapa Unguja, na mdogo wetu ndiye aliyekuwa bado. Kisa chenyewe kilianzia kwenye posa yake.

Kijana aliyeposa ni mtu wa dini na wa kazi. Wazee wake asili yao ni Diu, na yeye anaishi Leicester, Uingereza, mji wenye watu wengi wa Diu na Daman. Siku ya posa mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka shangazi yake mmoja alipotugeukia akauliza, "Kumbe babu yenu naye alikuwa mtu wa Diu? Basi binti huyu ana haki ya pasi ya Ureno. Fuatilieni kabla ya nikah, mambo yatakuwa mepesi."

Hakusema ni sharti. Lakini tangu siku ile, kila simu iliyopigwa kuhusu harusi iliishia kwenye pasi.

Huenda wengine mnajiuliza Diu inaingiaje kwenye Ureno. Sisi watu wa visiwani Mreno tunamjua kwa mabaki yake: meza tunayolia, leso tunayojifunga na mchezo wa ng'ombe kule Pemba. Lakini Mreno hakuishia pwani yetu. Huko Bara Hindi alishika Goa, Daman na Diu, na Diu ilikaa mikononi mwake tangu karne ya 16 hadi Desemba 1961, jeshi la India lilipoichukua. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Diu kabla ya hapo alizaliwa katika ardhi ya Ureno, na Ureno haijaacha kuwatambua watu hao. Aliyezaliwa huko enzi hizo anaweza kuandikishwa katika daftari la vizazi la Lisbon. Baada yake mtoto wake anaweza kuomba uraia, na hata mjukuu, ingawa mjukuu hutakiwa kuonyesha kwamba anakijua Kireno.

Babu yetu alizaliwa Diu mwaka 1921. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akapanda treni ya reli ya kati na kushuka Dodoma. Alifungua cherehani yake kwenye baraza ya duka moja Uhindini, akawa anashona kanzu, makoti na sare za skuli. Hapo ndipo alipomuona Bibi, binti wa Kirangi kutoka Kondoa, aliyekuja mjini na mjomba wake kuuza mtama.

Basi tukafunga safari. Tulivuka bahari kwa boti, Dar tukapanda treni ya umeme, na alasiri tukawa Dodoma kwa Mama. Usiku ule ule tulilifungua sanduku la Babu. Ndani mlikuwa na mkasi wake, futi ya kupimia, tasbihi, na bahasha yenye karatasi ya Kireno yenye mihuri. Tulilisoma jina lake na mwaka 1921 tu, mengine hatukuyafahamu. Mdogo wetu alilia kwa furaha. Sisi wakubwa, tusifiche, tulishaanza kuwahesabu watoto wetu kwenye hiyo pasi.

Tulimpata wakala mmoja wa kutushughulikia. Alitueleza kwamba uraia wa nasaba ni mnyororo wa karatasi: cheti cha kuzaliwa cha Babu, cheti cha ndoa yake, cheti cha kuzaliwa cha Mama, cha ndoa ya Mama, kisha vyeti vyetu. Kila pete lazima ishikane na mwenzake, majina yalingane na tarehe zisigongane. Pete moja ikikosekana, mnyororo umekatika.

Wa kwetu ulikatikia kwa Bibi.

Kwenye cheti cha Mama, cha mwaka 1958, jina la Babu limo, ingawa herufi zimekosewa. Mahali pa jina la mama yake pameandikwa "Binti" na jina la baba yake, basi. Jina lake mwenyewe halimo. Na cheti cha ndoa hakikuwepo kabisa. Nikah ilisomwa Kondoa mwaka 1956 na sheikh wa kijiji, wali akiwa ni mjomba wake kwa kuwa baba yake alishafariki na hakuacha ndugu wa kiume, na mashahidi wawili wakaketi mkekani. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Baada ya wiki kadhaa wakala alituletea jambo jingine. Kumbukumbu za Diu zilionyesha kwamba Babu alishaoa kule kabla ya kuja Afrika, na mke huyo alikuwa hai wakati Babu anamuoa Bibi.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Twendeni Kondoa tukamuulize mwenyewe."

Bibi ana umri unaokaribia miaka tisini. Tulimkuta uani anachambua mlenda. Tulijikunyata, hakuna aliyetaka kuanza. Mama ndiye aliyemuuliza, na Bibi hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua," alisema. "Alinieleza mbele ya mjomba kabla sijakubali. Kila akipata pesa ya kutosha alikuwa anampelekea mwenzangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha."

Dada zetu, sisi tuliokwenda na siri tukakuta si siri. Bibi aliolewa mke wa pili kwa kujua na kwa kuridhia, na mahari akapewa mkononi. Mbele ya Allah na mbele ya kijiji kizima alikuwa mke.

Lakini sheria ya Ureno inatambua ndoa moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wakala alisema njia nyepesi ni kutoitaja ndoa ya Bibi. Tuandike kwamba Babu alizaa na mwanamke asiye mkewe. Alitutoa wasiwasi kwamba Mama hatapungukiwa na kitu, kwani Katiba ya Ureno ya mwaka 1976 inakataza kumbagua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Na kama hilo linatukera, akaongeza kwa sauti ya chini, wapo watu wa kurekebisha tarehe, mke wa Diu akaonekana amefariki mapema, na ndoa ya Bibi ikapatiwa cheti cha zamani.

Tutawaambia ukweli: hatukukataa papo hapo. Tulirudi Dodoma na usiku kucha tulibishana. Mmoja wetu alisema ni karatasi tu, Allah anajua ukweli. Mwengine akasema Bibi hatakwenda Ureno kuisoma. Mdogo wetu alikaa kimya, maana harusi ilikuwa yake na kila neno lilimwelemea yeye.

Asubuhi Mama alitoka kwenye mswala akatuita. Alisema, "Mkiandika hivyo, Bibi yenu anakuwa hawara, kwa mkono wa wajukuu zake. Na mkigeuza tarehe, mnamuua mwanamke kwenye karatasi kabla ya siku yake. Nani kati yenu atatia saini?"

Hakuna aliyenyanyua mkono.

Tulikumbuka aya ya 135 ya Surat An-Nisaa, inayotuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu. Tumeisikia mara nyingi kwenye darsa, lakini siku hiyo ilitushika mkono.

Kisha tukayaangalia mambo mengine ambayo kwa haraka tulikuwa tumeyapita. La kwanza, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kuzaliwa nao, lakini akishafikisha miaka 18 anatakiwa achague. Mama angechukua uraia wa Ureno angepoteza wa Tanzania, na nyumba ya Dodoma na shamba la Kondoa vimo kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia haki ya ardhi kama aliyonayo raia. Tangu serikali ihamie Dodoma, kiwanja kile kimekuwa na thamani ambayo Babu asingeiota. Tulikuwa tayari kuuweka rehani urithi wa Mama bila hata kumuuliza.

La pili lilituchekesha na kutuliza kwa pamoja. Shangazi aliamini pasi ya Ureno ingemfikisha mdogo wetu Leicester. Zamani ingekuwa hivyo. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, ruhusa ya raia wa Ulaya kuhamia huko kwa pasi tu ilikoma tarehe 31 Desemba 2020. Kwa hiyo hata tungesema uongo, bado angehitaji viza ya mke kama mwanamke mwengine yeyote.

Mdogo wetu aliomba ampigie mchumba wake yeye mwenyewe, nasi tukae pembeni. Alimweleza yote, pamoja na ya Bibi. Akamalizia, "Kama nyumbani kwenu mlikuwa mnaposa pasi, semeni sasa, sitakasirika."

Kijana alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilikuposa wewe. Shangazi niachie mimi." Njia yake ni ndefu, kwani mume wa Uingereza anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka ndipo amlete mke, na yeye kipato chake hakijafika hapo. Ameongeza zamu za usiku. Nikah imeshasomwa, alhamdulillah, na bibi harusi wetu bado yuko Dodoma anasubiri. Hatutawadanganya kwamba kusubiri ni kutamu. Kuna siku analia, na kuna watu wanaotuambia tulijifanya wacha Mungu kwa gharama ya mtoto wa watu. Jibu letu ni kwamba aliamua mwenyewe, na hadi leo hajatuambia kwamba anajuta.

Wala hatusemi kwamba kutafuta uraia wa babu ni kosa. Ambaye mnyororo wake umenyooka na ameshapima anachokiacha, hiyo ni haki yake, na Allah ambariki. Sisi wetu ulitaka tumkane mwanamke, tukashindwa.

Mabibi harusi wetu, hili ndilo lililotufanya tuandike. Kwenye Surat Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Allah anatuamrisha tuandike deni na tuweke mashahidi. Deni la shilingi huandikwa. Iweje ndoa, yenye mahari, watoto na mirathi ndani yake, iachwe kwenye kumbukumbu za wazee wawili ambao kesho watakuwa kaburini? Nikah ya Bibi ilikuwa sahihi. Lakini walioishuhudia wote wamekufa, na leo mtu wa mbali asiyemjua anaweza kuifuta kwa kutoiandika tu.

Kwa hiyo, mwanangu unayeolewa mwezi huu, kabla ya kuulizia gauni limefika wapi, uliza cheti cha ndoa kitatoka lini na utakishika nani. Hakikisha majina yako matatu yako sawa na yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Mahari yaandikwe kama yalivyo, na kama kuna yaliyobaki yaandikwe kwamba yamebaki. Kama wewe ni mke wa pili, iandikwe hivyo hivyo, usikubali nikah ya uvunguni. Na ukijaaliwa mtoto, jina lako liingie kwenye cheti chake. Jina lako, si "binti fulani" tu.

Sisi tuliporudi kutoka kwenye habari za Ureno tulikuwa na kazi moja iliyobaki. Tulikwenda na Bibi kula kiapo, Mama akaomba cheti chake cha kuzaliwa kirekebishwe. Ilichukua miezi, na nenda-rudi nyingi. Cheti kipya kilipotoka tulikipeleka Kondoa. Bibi hasomi herufi za Kirumi, anasoma za Qur'ani tu. Akatuuliza, "Mimi niko wapi hapa?" Mama akamshika kidole akakiweka kwenye jina lake.

Alikiacha hapo kwa muda, kisha akasema tumwekee kwenye sanduku la Babu.

Tuombeeni, dada zetu, na mumuombee mdogo wetu safari yenye kheri. Nasi tunawaombea ndoa zenye stara na karatasi zenye ukweli. Wabillahi tawfiq.