Sauti Ngeni Njiani Lushoto

Ukitoka Mombo kwenda Lushoto, barabara hupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi, kilometa 33 hivi. Kama umetengeneza pikipiki mwenyewe nyumbani, mlima huu ndio utakaokipima kila kishikizo ulichokaza. Ukisikia mgongo usiouzoea, simama Soni, penye maporomoko ya maji. Zima injini, ngoja oili ishuke, uipime. Ikiwa imepungua, ongeza kabla ya kuwasha. Kisha washa bila kutia gia. Kelele ikikoma, tazama kwanza mnyororo na magurudumu. Ikiendelea na kuzidi kwa moto, kasoro imo injinini, labda nafasi ya vali. Hapo usipande tena, tafuta fundi. Unayempakia nyuma ni mtoto wa watu.