Kilicho Kati ya Mpandaji na Tandiko

Nilipoingia kazi ya usaisi katika banda moja la farasi wa safari, upande wa Narok, starehe ya kukaa haikuwa hoja. Matandiko yetu mengi yalikuwa ya kijeshi, ya muundo ambao jeshi la Uingereza liliupitisha mwaka 1912: mbao mbili zinazolala kando ya uti wa mgongo, zimeunganishwa kwa matao ya chuma, na juu yake ngozi ngumu iliyowambwa. Farasi walinufaika, maana uzito ulitawanyika na hewa ikapata njia katikati ya mgongo. Mpandaji alijitegemea. Askari aliyetengenezewa tandiko hilo alivumilia kwa amri. Mgeni aliyepanda ndege hadi Maasai Mara kwa fedha zake hakuwa na amri ya kumzuia asilalamike.

Dawa yetu ya kwanza ilikuwa blanketi la kijivu, likunjwe mara nne na kufungwa kwa kamba. Farasi akitembea, lilitulia. Akianza kukimbia kidogo kidogo, lilihama, likajikusanya chini ya paja moja, na mgeni akamaliza safari amekaa upande. Ikafuata sponji ya godoro iliyoshonewa turubai. Saa ya kwanza kila mtu aliisifu. Kufikia saa ya tatu ilikuwa imebonyea, mifupa ya makalio inagusa tandiko, na jasho limekosa pa kwenda. Tulihifadhi chupa ya mafuta ya kupaka kwa ajili ya mapaja yaliyochubuka, na haikukaa muda mrefu bila kujazwa.

Manyoya ya bandia yalipokuja, tulidhani mambo yamekwisha. Yalikuwa meupe, mepesi, ya bei nafuu, na ukiyafua asubuhi yanakauka kwenye ua kabla ya jua kutua. Lakini poliesta hainywi jasho. Joto la mchana wa Mara lilipanda kutoka mgongoni mwa farasi, likakutana na la mpandaji, na katikati pakawa na unyevu unaosugua. Baada ya muda nyuzi zilisokotana zikawa mabonge magumu, na mabonge hayo ndiyo mgeni aliyoyakalia.

Ngozi halisi ya kondoo ililetwa na wageni wenyewe. Walikuwa watu wa mashindano ya masafa marefu, wale wanaojua Tevis Cup ya California, ambayo tangu 1955 huwataka wapandaji wavuke milima kwa kilomita 160 ndani ya siku moja. Kila mmoja alibeba funiko lake mkobani kama mtu anavyobeba mswaki. Niliwatazama wakishuka jioni: hawakuchechemea. Mmoja alinieleza kwamba ngozi ya namna hiyo hutandikwa hata hospitalini chini ya wagonjwa wasioweza kugeuka, ili wasipate vidonda vya mgongo. Nyuzi za sufu husimama na kuinama zenyewe, hivyo msuguano huishia kwenye sufu badala ya kuishia kwenye mwili. Tena sufu hunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Alfajiri ya baridi inatia joto, adhuhuri hainati.

Tukaamua kutengeneza zetu. Kondoo si walikuwa wametuzunguka kila upande? Nilipeleka ngozi mbili kwa mzee aliyekuwa mkuu wa masaisi, akazipapasa akacheka.

"Kijana, huyu ni kondoo wa nyama. Ana nywele, hana sufu. Kwenye sufu nenda Molo."

Alisema kweli. Kondoo mwekundu wa Kimasai na dopa waliotapakaa Narok na Kajiado hawana sufu ya kufaa tandiko. Kondoo wa sufu wamo nyanda za juu zenye baridi, kama Corriedale na merino, na historia yao huko inarudi hadi mwanzo wa karne iliyopita, mlowezi Mwingereza Lord Delamere alipoleta mifugo kutoka New Zealand hadi Njoro. Ngozi za huko ndizo zilizobadilisha banda letu, na ndizo zilizonifundisha kuchagua.

Kwanza nabonyeza vidole. Vikifika kwenye ngozi bila kazi, sufu ni haba, itakufa mapema. Urefu wa sentimita mbili na nusu hivi unatosha. Ndefu zaidi hulala na kusokotana. Kisha nageuza upande wa chini na kuukunja: ukitoa mlio au ukanuka, haukutengenezwa vizuri. Natafuta mishono. Mahali pa kukalia pawe kipande kimoja, na pasiwe na mshono ndani ya paja, maana saa ya tano uzi mwembamba unakata kama kisu. Mikanda ifunge mbele na nyuma, na pawe na mwanya wa kupitisha mikanda ya vikuku. Mwisho naangalia unene. Funiko nene mno humwinua mpandaji na kumtenga na farasi, miguu ikatanuka hata magoti yakauma. Hata lile linalofaa humwinua kidogo, hivyo siku za mwanzo vikuku hupandishwa tundu moja, na sufu ikishatulia vinarudishwa.

Zamani mwenye banda aliagiza, sisi tukafunga tulichopewa. Mafuniko yalikuwa ya wageni, na saisi alikalia ngozi kavu ya tandiko ingawa ndiye aliyepanda kila siku. Masaisi walipoanza kuongoza misafara wenyewe, jambo hilo lilikosa maana. Sasa ngozi mpya hukabidhiwa saisi kwanza, na akiikataa hurudi ilikotoka.

Yale manyoya ya bandia hatukuyatupa. Masika ya Aprili mvua hunyesha tukiwa njiani, na sufu iliyolowa chepechepe haianikwi juani wala karibu na moto, la sivyo ngozi hukakamaa na kupasuka. Lazima ikauke taratibu kivulini, ichanwe kwa brashi, na safari ya kesho haingoji. Kwa hiyo mvua zikianza, poliesta inarudi kazini na ngozi za Molo zinapumzika hadi Juni.