Watoto wa Msimu wa Kiza

Umeme ulipokatika Unguja mwezi wa Disemba 2009, wengi tulidhani ni mambo ya siku mbili. Ukarudi Machi 2010. Umeme wetu wakati huo ulitoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na njia hiyo ilipoharibika, kisiwa kizima kilikaa kiza karibu miezi mitatu. Watu wanaukumbuka msimu ule kwa shida zake, na wana haki. Pampu za maji zilisimama, samaki waliharibika, na moshi wa jenereta ulijaa vichochoroni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa maandalizi mjini, na katika shida ile niliona jambo ambalo bado nalifikiria. Watoto wangu wa miaka minne na mitano walianza kuja asubuhi na michezo ambayo sikuwafundisha mimi. Mmoja aliwapanga wenzake kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele, akaanza kuihesabu kwa kuigusa mmoja mmoja, na kila hesabu inapoishia mguu unakunjwa. Nilipomuuliza kautoa wapi, akanambia, "Kwa bibi, usiku."

Usiku ule wa kiza ulikuwa na watu wazima wasio na la kufanya. Televisheni imezimika, simu haina chaji, kibatari ni kimoja na kimewekwa katikati ya ukumbi. Watoto hawangeweza kutawanyika vyumbani kwa sababu vyumbani hakuonekani kitu. Basi familia nzima ikakaa kwenye duara moja la mwanga, na bibi, shangazi, na hata baba aliyezoea kurudi usiku mwingi, wakakumbuka walichokijua.

Walikumbuka mchezo wa Nyama. Kiongozi anataja mnyama baada ya mnyama: ng'ombe, mbuzi, kuku, na watoto wanaitikia kwa sauti na kuruka. Halafu, katikati ya mbio, anatia paka, asiyeliwa. Anayeruka ametoka. Mtu mzima huuona mchezo wa kelele tu, lakini mtazame mtoto wa miaka minne anavyopambana. Mwili umeshaanza kupanda, mdomo umeshafunguka, na anatakiwa ajizuie papo hapo. Mwanzo hawezi hata kidogo. Anakula paka, anakula nyoka, anakula nguruwe mbele ya babu yake, na nyumba nzima inacheka. Baada ya wiki chache unamwona amekaza midomo, macho kwa kiongozi, anasikiliza kwanza. Wataalamu wa makuzi ya watoto huita hilo kujidhibiti, na wanasema ndilo linalomsaidia mtoto kukaa darasani, kufuata maelezo na kumalizia kazi aliyoianza. Hakuna daftari linalolifundisha vizuri kuliko Nyama.

Ule wa miguu nao una somo jengine. Mtoto aliyekwishakunja miguu yote miwili anabaki pale pale, ubavuni mwa wenzake, akingoja. Hafukuzwi. Haendi kulia chumbani. Anafuata hesabu kwa macho na kuwashangilia waliobaki. Na dada mkubwa anayehesabu, akiona mdogo wa wote ameanza kununa, anapunguza mwendo au anaharakisha ili mguu wa mdogo usalimike. Nimewaona watoto wa miaka minane wakifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Kundi lenye umri mchanganyiko hulea lenyewe. Darasani, ambako wote wana umri mmoja, mwalimu inabidi abebe peke yake kazi ambayo nyumbani ilikuwa ya dada na kaka.

Palikuwa na vitendawili pia, vyepesi vya wadogo, kama ile nyumba isiyo na mlango ambayo ni yai. Anayeshindwa anatoa mji, na mtoto ambaye hajawahi kuvuka mtaa wa Chumbuni akawa anagawa Mombasa na Maskati kama sultani. Palikuwa na kujipikilisha kwa vifuu vya nazi. Palikuwa na kutafuta kitu kilichofichwa chini ya kanga, watu wakipiga makofi kwa nguvu unapokikaribia na polepole unapokwenda mbali. Mchezo wa Ukuti sikuuona ukichezwa ndani. Duara lile linataka uwanja, na ukumbi wa nyumba za mjini haulitoshi.

Umeme uliporudi, michezo ile ilizidi kupungua wiki hadi wiki. Wazee wenzangu wakasema, "Si mnaona? Televisheni ndiyo adui." Sikukubaliana nao, na sikubaliani mpaka leo. Televisheni si ngeni Zanzibar. Sisi tulikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, Bara wakiwa bado hawana yao. Watoto wa wakati huo waliitazama wakiwa kundi, nyumba yenye kioo ikapokea mtaa mzima, na kipindi kikimalizika watu walikuwa bado wamekaa pamoja kwenye mkeka. Kioo kilikuwepo na mchezo ulikuwepo. Kilichoondoka umeme uliporudi mwaka 2010 ni mtu mzima aliyekuwa amekaa chini.

Hapo ndipo lilipo neno langu kuhusu kizazi hiki. Watoto hawajasahau kucheza, maana hakuna mtoto anayesahau. Mchezo wa kundi kwa watoto wa miaka mitatu, minne, mitano unahitaji mtu anayezijua kanuni, anayezishikilia kwa upole, na anayekuwepo mpaka watoto waweze kuzishika wenyewe. Watoto wa umri huo wakiachwa peke yao watagombana kabla duru ya kwanza haijaisha. Zamani mtu huyo alikuwa bibi, au binti wa jirani, au kaka aliyerudi kutoka chuoni. Leo bibi yuko shamba na wajukuu wako mjini, binti wa jirani yuko tuisheni, na watoto wanaoishi ghorofani, kama wale wa mabloki ya Michenzani, huambiwa wasitoke mlangoni kwa sababu ya ngazi na magari. Mvua za masika zikifika, mlango haufunguliwi kabisa. Simu anapewa mtoto ili akae kimya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na mwili wake uwe katika harakati kwa saa 3 au zaidi. Mama aliye katika vyumba viwili na mvua nje atazipata wapi saa 3 hizo, kama si kwa michezo ya ndani?

Skuli ingeweza kumsaidia. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima, na niliifurahia kama nilivyofurahia mambo machache katika kazi yangu. Palikuwa pia na Tucheze Tujifunze, vipindi vya redio vilivyopelekwa kwenye vituo vya vijijini ambako skuli ya maandalizi haikufika. Sauti ya redioni inaimba, inauliza, inawaambia watoto wasimame, waruke, wahesabu wenzao. Jina lenyewe lilikuwa limeweka kucheza mbele. Lakini wazazi wengi mjini wanapima skuli kwa daftari. Mtoto akirudi na ukurasa wa herufi, skuli nzuri. Akirudi na jasho na magoti yenye vumbi, wanauliza ada inakwenda wapi. Walimu wakaelewa wanachotakiwa, madawati yakajaa chumba, na sakafu ikapotea.

Watoto wa msimu ule wa kiza sasa wamepindukia miaka 18, na wengine wao wameshaoa na kuolewa. Nasikia wakisemwa barazani kwamba hawana subira, hawajui kushindwa, hawakai na watu. Nakataa kuwasema hivyo. Niliwaona wakijifunza kungoja wakiwa na miguu iliyokunjwa. Wanaozijua kanuni zile sasa ni wao, kwa sababu mabibi waliowafundisha wengi wametangulia mbele ya haki.

Kwa hivyo nasema nao, wanangu wenyewe: msingoje umeme ukatike. Mkeka mmoja unatosha watoto sita. Waiteni wa jirani, maana Nyama ya mtoto mmoja hainogi. Kaeni chini nanyi, simu iwe chumba cha pili, na kiongozi wa kwanza awe mtu mzima. Walio chini ya miaka minne msiwatoe mchezoni wakikosea. Waacheni waruke na paka wao mpaka wachoke. Na walimu wa maandalizi, yasukumeni madawati ukutani kabla ya kengele ya kwanza, siyo baada ya herufi, kwa sababu baada ya herufi muda huwa hautoshi.