Sanduku la Marehemu

Mdogo wangu alipofariki dunia hakuacha nyumba wala kiwanja. Aliacha sanduku la bati lililojaa diski za filamu, 212 kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe sebuleni, huku mke wangu akiniuliza mzigo huo utakaa wapi katika vyumba viwili vya Mtaa wa Narung'ombe. Lilikuwa swali la haki. Anayeishi Kariakoo anajua kwamba hapa hata ukuta una mpangaji wake.

Sanduku hilo ndilo masalia ya kibanda chake cha video. Msomaji wa umri wangu atavikumbuka vibanda hivyo: pazia jeusi mlangoni, mabenchi ya mbao, joto la kukata pumzi, na sauti ya Lufufu ikitufafanulia kwa Kiswahili filamu za kigeni. Baadaye zikaja filamu zetu wenyewe, na katika mojawapo marehemu alipata kuonekana. Walihitaji watu wa kujaza baa usiku. Alipita nyuma ya waigizaji wakubwa akiwa amebeba kreti la soda, akageuka mara moja, akatoweka. Ni sekunde nne tu, na jina lake halikuandikwa popote. Lakini hatuna picha nyingine inayomwonyesha akitembea.

Kijana wake, ambaye ana meza ya kutengeneza simu Mtaa wa Aggrey, aliniambia, "Baba mkubwa, niachie mimi. Nitazibana zote ziingie kwenye hadi diski moja." Hadi diski yenyewe ilikuwa ya gigabaiti 500. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, na hata ukikadiria nne tu kwa kila moja, sanduku lilidai zaidi ya 800. Ilikuwa lazima zibanwe. Akaiamuru programu yake kila filamu isizidi megabaiti 350, akaiacha ifanye kazi siku kadhaa, akaniletea. Dakika za mwanzo, za mchana, zilipendeza. Nikamwambia aende kwenye ile baa.

Mahali pa uso palikuwa na vipande vinne vitano vya mraba, vyeusi na kahawia, vikicheza. Kijana alitazama, akarudisha nyuma, akatazama tena. Hakusema neno. Alikuwa amemfuta baba yake bila kujua.

Nilitumia majuma mengi baadaye kuelewa kosa lilikuwa wapi. Programu za kubana haziandiki kila picha kwa ukamilifu. Huandika moja kamili, kisha katika zinazofuata huandika yale tu yaliyobadilika. Mtu aliyeketi mbele ya ukuta haigharimu kitu. Mvua, au umati wa Msimbazi jioni, huigharimu sana. Ukiipa posho ndogo isiyobadilika, hubana matumizi mahali inapodhani jicho halitaona, na mahali penyewe ni gizani. Ndiyo maana kupima ubora kwa mandhari ya mchana ni kujidanganya.

Safari ya pili tulitumia HandBrake, na badala ya kuchagua ukubwa tulichagua ubora, tukaiacha programu yenyewe iamue nafasi inayohitaji. Huko namba ikipungua ubora hupanda. Kwa DVD, kati ya 18 na 22 hutosha. Kijana alitaka pia kuikuza picha ijaze televisheni mpya. Nikakataa. DVD zetu zina nukta 720 kwa 576, na kukuza hakuongezi kitu ambacho kamera haikukiona, bali huongeza uzito. Tuliondoa mistari ile inayofanana na meno ya kitana mtu anapokimbia, na sauti tukaiacha kama ilivyo.

Jambo lililonishangaza ni kwamba filamu zilizochakaa ndizo zilizokula nafasi kubwa. Zile zilizohamishwa kutoka kanda za VHS zimejaa chenga, na programu, kwa utiifu wake, hujitahidi kuhifadhi kila chenga kana kwamba ni lulu. Na zile diski za mitaani zenye filamu kumi kwa pamoja hatukuzigusa, tulizinakili tu. Hizo zilikwisha kukamuliwa zamani. Kuzikamua tena ni kutafuta tui katika machicha.

Kwa namba 20 marehemu alirudi, ila shavu lilikuwa bapa kama limepigwa pasi. Kwa 18 tukapata macho. Kwa 16 kijana akasimamisha picha na kuweka kidole kwenye kioo: pengo la jino la mbele, ambalo mimi nilikuwa nimelisahau. Filamu hiyo moja ikafika karibu gigabaiti 3, na nikamkumbusha kwamba nyingi tumezimaliza kwa moja na kidogo.

"Iache hivyo hivyo, baba mkubwa," akasema.

Zote zikaenea, na nafasi ikabaki. Sanduku tulilipeleka kwa dada yetu Mbagala, likiwa na diski 211. Ile moja iko kabatini, katikati ya kanga za mke wangu. Aliiweka mwenyewe.