Ubao wa kukalia: safari ya Nyanza-Lac na mitumbwi yake

Mwezi huu tunatembea hadi Nyanza-Lac. Tunatembea kwa maneno tu, maana tiketi hatuna.

Sisi walimu watatu tunaoandika hapa tumezaliwa kule, na tuliondoka mwaka 2015 tukiwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu hivi. Sasa tunafundisha watoto waliozaliwa hapa kambini. Ukiwauliza Ziwa Tanganyika wanakujibu vizuri: urefu kilomita kama 670, kina karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Wanapata vema zao. Lakini mtumbwi hawajawahi kuuona, na kuna aliyetuuliza kama mtumbwi una viti kama basi. Tulicheka, halafu tukaona swali ni zuri kuliko majibu tuliyokuwa nayo siku ile. Basi leo tunajibu, na wazazi mtuvumilie kwa yale mnayoyajua tayari.

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, ziwa linabaki mkono wako wa kulia njia nzima. Baada ya kilomita sabini na kitu unafika Rumonge, mji wa mawese na samaki, ambako sokoni Kiswahili unakisikia sawa na Kirundi. Unaendelea, michikichi huku na huku, kilomita kama hamsini tena, unaingia Nyanza-Lac. Mbele yake ni Kabonga na mpaka wa Tanzania, na ng'ambo ya mpaka, palepale ufuoni, kuna kijiji cha Kagunga ambacho wengi wetu hatutakisahau. Upande wa magharibi, anga ikisafishwa na mvua, unaona milima ya Kongo imesimama juu ya maji. Sisi tulikariri kwamba Nyanza-Lac iko mkoa wa Makamba. Wanafunzi wajue kwamba Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 mwaka 2025, na sasa Nyanza-Lac na Rumonge zote ziko mkoa wa Burunga.

Wazee wanalijua jina la mji huo kwa mambo mengine pia, ya Aprili 1972, watu walipokimbia kwa mitumbwi usiku, na ya waliorudi baada ya miaka mingi wakakuta mashamba yana wenyewe wengine. Hayo yanataka ukurasa wake. Leo tunabaki ufuoni.

Ufuoni jioni wavuvi wanaondoka. Mitumbwi miwili mikubwa inafungwa pamoja kwa nguzo, wavu unakaa katikati, taa zinawashwa ili ndagala wafuate mwanga. (Ndagala ndio dagaa, na mukeke wa kwetu ndiye mgebuka wa Kigoma, tusigombane.) Usiku ukitazama kutoka juu mlimani ungedhani kuna mji umejengwa katikati ya ziwa. Asubuhi wanarudi, akina mama wanaanika mchangani, harufu inafika mpaka barabarani.

Pembeni mwa shughuli hizo, chini ya mwembe, kulikuwa na fundi wa mitumbwi. Jina lake hatuliandiki. Sisi watoto tukitoka shule tulikuwa tunakaa pale kumtazama, naye hakutufukuza ilimradi tusiguse msumeno. Kazi yake yote ilikuwa nzuri kuitazama, lakini iliyotuingia akilini ni ile ya ubao wa kukalia. Unaweza kudhani ni kazi ndogo, siyo? Unachukua ubao, unakata, unapigilia, mtu anakaa. Yeye aliutumia karibu siku nzima ubao mmoja.

Kwanza tuseme kwa nini. Zamani katika ziwa letu watu walitumia mtumbwi wa gogo. Stanley na Livingstone walipotoka Ujiji Novemba 1871 kwenda kutazama mdomo wa mto Rusizi, walipigiwa makasia mbele ya ufuo huuhuu wetu ndani ya mtumbwi uliochongwa katika gogo moja la mvule. Mtumbwi wa gogo umeshikana wenyewe. Ni mti mmoja, hauna mahali pa kuachana. Lakini mtumbwi wa mbao umeunganishwa: kuna mkuku chini, kuna mataruma yaliyopinda kama mbavu, kuna mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma, na katikati ya ubao na ubao kuna pamba iliyogongwa iingie isipitishe maji. Wimbi likipiga ubavu linasukuma ndani. Mzigo ukijaa, pande mbili zinataka kufunguka nje. Kitu kinachozikatalia ni ule ubao uliolala kutoka ubavu huu mpaka ubavu huu. Mtu akiukalia ni sawa, lakini kukaliwa ni kazi yake ya pili.

Mzee fundi alitueleza hivyo kwa kutumia mwili. Alimwambia mmoja wetu asimame na mikono imenyooka mbele, akamsukuma viganja vikutane. Vikakutana upesi. Kisha akamwekea kijiti katikati ya viganja, akakifunga kwa kamba pande zote mbili, akasukuma, akavuta. Mikono haikwenda popote.

Sasa kazi yenyewe. Alichagua ubao wa mninga, wa mbili kwa nane, yaani unene inchi mbili na upana inchi nane. Ubao wa inchi moja alisema ni wa rafu ya vyombo. Akaugeuzageuza kutafuta fundo, maana fundo likiwa katikati ubao unavunjikia pale siku mtu mnene anapoukanyaga kushuka. Ndani ya mtumbwi alikuwa ameshapigilia, kila upande, ufito mrefu juu ya mataruma kutoka mbele kwenda nyuma. Ncha za ubao zinalala juu ya ufito huo. Urefu wa kwenda juu alipima kwa mkono: kutoka mdomo wa mtumbwi kushuka chini shubiri moja, au na vidole viwili zaidi. Ukiweka ubao juu sana watu wanakaa juu, uzito unapanda, mtumbwi unalewa. Ukiweka chini sana mpiga kasia magoti yanamfika kidevuni, na kasia haifiki majini vizuri.

Kupima upana ndipo tulipopenda zaidi. Hakutumia futi. Alichukua fimbo mbili nyembamba, akazishika pamoja, akaziteleza moja juu ya nyingine mpaka ncha ya kila moja ikagusa ubavu wake, akazifunga kwa uzi. Huo ndio upana halisi, hauna kosa la kusoma namba. Halafu akarudia chini kidogo, kwa sababu ubavu wa mtumbwi hausimami wima kama ukuta, umeegama. Upande wa juu wa ubao ni mrefu kuliko upande wa chini. Tena mtumbwi unakwenda ukijifunga kuelekea mbele, kwa hiyo ukingo wa ubao unaotazama nyuma ni mrefu kuliko unaotazama mbele. Ncha moja inakatwa mshazari mara mbili. Sisi tunaofundisha hesabu leo tunaona kwamba pale palikuwa na somo la pembe la muhula mzima, bila ubao mweusi.

Alikata ukiwa mrefu kidogo kuliko fimbo, akajaribu, akautoa, akapunguza kwa randa, akajaribu tena. Mara nne, mara tano. Hakuugonga kwa nyundo uingie kwa nguvu. Ubao mrefu ukilazimishwa unasukuma mbao za ubavuni, pamba inaachia, maji yanaingia. Ubao mfupi nao unaachwa na nafasi, mtumbwi unacheza, misumari inalegea polepole. Ulipokaa vizuri alitoboa kwanza matundu, ndipo akaingiza misumari mirefu iliyopakwa zinki, na kila ncha iliyotokea upande wa pili akaikunja. Mwisho akaweka kwenye kona vipande vya mti vilivyopinda vyenyewe, mguu mmoja juu ya ubao, mguu mwingine ubavuni. Hivyo vipande alikuwa anavitafuta miezi mingi kabla, kwenye matawi ya miembe ya watu, na tunadhani ndiyo maana alikuwa rafiki wa kila mwenye mwembe. Mti uliopinda wenyewe ukiwa unakua una nguvu, ukiukata pembe kwa msumeno unapasuka.

Chini ya ubao aliacha wazi. Mteja mmoja alitaka pazibwe liwe sanduku la kuweka vitu. Alikataa. Maji yanayoingia lazima yateremke yote mahali pamoja penye kopo la kuchotea, yasijifiche.

Rangi hakupaka. Rangi ikilowa inateleza.

Hayo yangebaki mambo ya watoto chini ya mwembe kama si mwaka 2015. Mwezi wa tano watu walikuwa wanaelekea Kagunga, wengine kwa miguu, wengine kwa maji. Sisi tulipita majini usiku, familia nne na mizigo, kwa mtu aliyekuwa akivusha kwa pesa. Mtumbwi wake ulikuwa umetolewa ubao wa katikati. Palikuwa na nafasi kubwa, watu wakashukuru, wakajazana pale. Mzee fundi tulikuwa naye. Alipapasa ubavu gizani, akakuta tundu za misumari mitupu, akauliza ubao uko wapi. Akajibiwa kwamba umetolewa ili magunia yaingie.

Tulipoacha ghuba, upepo wa kusini ukaanza. Si upepo wa kutisha, wa kawaida tu wa msimu huo. Lakini kila wimbi likipita tulisikia mbao zinalia, na miguu ikaanza kulowa. Mzee akaomba kasia la akiba. Mwenye mtumbwi akabisha, mama mmoja akamwambia maneno ambayo hatuwezi kuyaandika kwenye gazeti la familia, kasia likatoka. Likakatwa kwa panga, likabanwa kati ya ubavu na ubavu mahali palepale pa ubao. Kisha kamba ya mizigo ikazungushwa kutoka taruma la huku mpaka taruma la kule, ikasokotwa kwa kijiti mpaka ikawa ngumu kama chuma. Kasia linazuia zisibonyee, kamba inazuia zisifunguke. Watoto tukaambiwa tushuke wote tukae chini kabisa, na watu wazima wachote maji kwa zamu. Kelele za mbao zikapungua. Maji hayakuacha kuingia, ila tuliyashinda. Asubuhi tulikuwa Kagunga.

Yaliyofuata mnayajua. Makumi elfu ya watu kwenye ufuo mwembamba, kipindupindu, kusubiri. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa inabeba kama watu 600 kwa safari kwenda Kigoma, na kwa kuwa hapakuwa na gati, tulipelekwa kwake kwa mitumbwi midogo tena. Kuna mtoto mwenzetu aliyekataa kupanda mpaka alipochungulia ndani na kuhesabu mbao.

Tunaandika haya kwa sababu familia zinarudi. Basi litawafikisha nyumbani, lakini ukiishi Nyanza-Lac, Rumonge au Kabonga utapanda mtumbwi tu, kwenda msibani, kwenda sokoni, kwenda kuvua. Na ndugu zetu wa Fizi na Baraka vilevile. Mtoto aliyekulia hapa hajui kwamba hairuhusiwi kusimama wote pamoja kutazama kitu upande mmoja. Kivuko cha MV Nyerere kule Ziwa Viktoria kilipinduka Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101, kilibeba wengi zaidi ya hapo, na waliofariki walizidi 220. Kivuko kile kilikuwa cha chuma, tena kikubwa.

Kwa hiyo wazazi, kabla ya kulipa nauli, chungulia ndani. Mbao za kukalia zipo zote? Ukikuta matundu ya misumari na ubao haupo, uliza. Shika ubao wa katikati utikise, ukicheza usipande. Maboya ya kuvaa yapo, au mtaambiwa yamebaki nyumbani? Upepo ukianza, watoto washuke chini ya ubao wakae sakafuni, hata kama nguo zitalowa. Ukiona aibu kuuliza maswali mengi mbele ya watu, mtume mtoto aulize, watoto hawana aibu.

Vijana wanaojifunza useremala hapa kambini tumewaonyesha ule upimaji wa fimbo mbili, na wametengeneza ubao mmoja wa mkaratusi kwenye fremu ya mataruma matatu. Si mtumbwi, ni kipande tu cha kujifunzia. Kipo karakana, anayetaka kukiona aje baada ya masomo. Tunajua mkaratusi unapasuka ukikauka na si mti wa kazi hiyo, lakini mninga tungeupata wapi?

Kuna jambo moja limeleta ubishi. Mafundi wawili wa kutoka Baraka walikiangalia wakasema ubao umewekwa chini mno, kwamba wao huweka nusu shubiri tu kutoka mdomo wa mtumbwi kwa sababu mitumbwi yao ina kina zaidi. Fundi wetu mmoja wa Rumonge akakataa palepale, na chai ikapoa. Wenye hoja, wa pande zote mbili, waandike au waje tuwaandikie, tutazichapa mwezi ujao. Mje na vipimo.